Kamera Ziko Serengeti, Somo Liko Minnesota

Ukihudhuria kikao chochote cha wadau wa elimu mkoani Mara, kiwe Tarime mjini au Mugumu wilayani Serengeti, kuna maneno utayasikia kabla chai ya saa nne haijafika: "Siku hizi kila kitu kipo mtandaoni." Anaweza kuyasema ofisa, mfadhili, au mzazi aliyerudi juzi kutoka Mwanza na simu mpya mfukoni. Wengine huitikia kwa vichwa, na mjadala hufungwa. Sayansi ipo YouTube. Hesabu zipo Khan Academy. Hata kuchomelea na kufunga umeme kumo humo humo kwenye simu. Kilichobaki ni minara iongezeke, vishikwambi vitoshe na bando lishuke bei. Mwalimu wa fizikia asipopatikana, video itasomesha.

Maneno hayo yamegeuka kiitikio. Anayeyasema hatarajii tena kuulizwa ushahidi.

Naelewa yalikotoka. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wanaokumbuka 2014 wanakumbuka michango, watendaji wakipita nyumba kwa nyumba, mchanga ukisombwa na saruji ikikopwa. Vyumba vilisimama. Vifaa, kemikali na walimu havikuja kwa kasi ya matofali, na kata nyingi nchini zilibaki na jengo lenye meza ndefu na mabomba yasiyotoa maji. Ikaja elimu bila ada, madarasa yakafurika. Kisha, baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyowahesabu Watanzania vikajumlishwa na vingine, karibu 300,000 kwa ujumla, vikagawiwa walimu. Mtu aliyechoka kuchangia maabara isiyo na hata mizani ana haki ya kushangilia kifaa kinachowaka.

Ninachopinga ni ramani iliyo nyuma ya maneno hayo. Katika ramani hiyo maarifa yako mbali, mahali ambapo umeme haukatiki, na Tarime na Serengeti ni mwisho wa bomba. Kazi yetu ni kukinga ndoo. Mimi nasema mkondo umesomwa kinyume. Sehemu kubwa ya sayansi bora iliyomo mtandaoni, kwa mtoto wa wilaya hizi mbili, ilichotwa huku huku, ikapandishwa mtandaoni, na haijarudi. Kuongeza kasi ya intaneti hakutairudisha.

Chukua kamera za Serengeti. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliokuwa wakifuatilia simba, walianza kutega kamera 225 katikati ya hifadhi, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hizi hazina mpigapicha. Mnyama akipita mbele yake, mwendo na joto la mwili wake huiamsha, nayo hupiga picha, mchana na usiku. Picha zikawa mamilioni, nyingi za majani yaliyotikiswa na upepo, nyingi za matako ya nyumbu, na wanasayansi wachache wasingezimaliza maisha yao yote. Desemba 2012 wakaziweka kwenye tovuti ya Zooniverse kwa jina la Snapshot Serengeti na kuwaomba walimwengu wasaidie: angalia picha, sema ni mnyama gani, wako wangapi, wanafanya nini. Waliojiandikisha wakazidi 28,000. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga Afrika. Kila picha ilionyeshwa kwa watu kadhaa, jibu la wengi likachukuliwa, na lilipolinganishwa na la wataalamu likaonekana sahihi kwa takriban 97%.

Soma tena sehemu hiyo ya mwisho. Watu wasio na shahada ya wanyamapori, kila mmoja akikosea hapa na pale, kwa pamoja walikaribia kabisa kuwa sawa na wataalamu. Ndani ya jambo hilo moja kuna takwimu, uwezekano, uainishaji wa viumbe na swali kubwa la sayansi: tunajuaje kwamba tunajua? Mwaka 2015 takwimu zote zikawekwa wazi kwa yeyote. Mwaka 2018 picha hizo hizo, milioni 3.2, zikatumika kuifundisha kompyuta kutambua wanyama peke yake. Kwa maneno mengine, akili bandia imesoma Serengeti. Nami katika mizunguko yangu yote sijakuta darasa moja la Mugumu lililokaa chini na picha hata mia za jirani zao hawa.

Msinielewe vibaya kuhusu Wamarekani hao. Hawakuficha chochote, waliweka kila kitu hadharani kuliko tunavyoweka sisi mihutasari ya vikao vyetu. Na hapo ndipo imani ya "kila kitu kipo mtandaoni" inapojikwaa yenyewe. Kitu kipo. Kipo tangu mtoto aliye Kidato cha Nne leo akiwa mdogo. Kuwepo kwake hakujamfikia.

Au chukua kichaa cha mbwa. Vijiji vya Wilaya ya Serengeti vimechunguzwa kuhusu ugonjwa huu kuliko karibu mahali pengine popote barani. Mwaka 2009 Katie Hampson na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS Biology, ambalo kila mtu anaweza kulisoma bure, kazi iliyotokana na kufuatilia kung'atwa kwa watu na mbwa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro: nani aling'atwa, na mbwa wa nani, na mbwa huyo alikuwa ameng'atwa na yupi. Walikwenda kaya kwa kaya, wakauliza. Matokeo yake yanaandikika ubaoni kwa chaki: mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na kidogo, tuseme 1.2. Hesabu ya kawaida inasema basi ukichanja mbwa mmoja kati ya kila sita, ugonjwa unapaswa kufifia wenyewe. Mbona wataalamu wanataka mbwa 70 kati ya 100 wachanjwe?

Mpe swali hilo mwanafunzi wa Kidato cha Pili wa Natta au Issenye, halafu unyamaze. Atakuambia, maana anaishi nao: mbwa hawakai. Waliochanjwa mwaka huu, wengi mwakani hawapo. Mmoja kaliwa na chui, mwingine kagongwa, wa tatu kaenda na wachungaji hakurudi. Na watoto wapya wamezaliwa hawana chanjo. Ukichanja 70 leo, kabla kampeni ya mwakani haijafika umebaki na sehemu ndogo tu, na ni sehemu hiyo ndiyo isiyotakiwa kushuka chini ya mstari wa mmoja kati ya sita. Mtoto huyo amelifikia mwenyewe jibu ambalo watafiti wamelieleza kwa kurasa kadhaa za Kiingereza kigumu. Je, kuna video ya YouTube iliyotengenezwa California itakayomuuliza swali hilo?

Hapa mpinzani wangu hunikatiza, tena kwa haki. Hadithi nzuri, husema, ila mtoto anafanya mtihani wa NECTA. NECTA haiulizi mbwa wa Natta. Inauliza muhtasari, na muhtasari upo mtandaoni: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya kidijitali, Shule Direct wana masomo na maswali, mitihani iliyopita imejaa kila kona. Mpe mtoto hivyo afaulu. Mbwa atawashughulikia chuo kikuu.

Nimelifikiria sana pingamizi hili kwa sababu nimewahi kuliamini. Lina kasoro moja. Linadhani nyenzo hizo zinatosha kwa mtu aliyeanza na sifuri. Angalia nani hasa hufaidika na video ya sayansi. Hufaidika aliyejua nusu, akakwama kwenye nusu ya pili. Ili utafute lazima uwe na neno la kutafutia, na huwezi kutafuta neno usilolijua. Kijana wa Dar es Salaam aliyefundishwa vizuri huingia mtandaoni na maneno mkononi, hutoka na madini. Kijana wa sekondari isiyokuwa na mwalimu wa kemia huingia mikono mitupu, akakutana na muziki. Tukimlaumu kwamba simu imemharibu tunamwonea. Hakuna aliyempa ufunguo, na mlango uliokuwa wazi ni ule mwingine.

Nitoe mfano wa Nyamongo, kwenye dhahabu ya Tarime, maana huko kemia hufanywa kila siku na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni wanakemia.

Mchimbaji mdogo anasaga mawe kwenye karasha, anaosha unga kwenye mwalo au karai, kisha anachanganya na zebaki. Kwa nini karai linafanya kazi? Kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, na ya jiwe jeupe lililoibeba haifiki gramu 3. Chepesi huondoka na maji, kizito hukaa. Kwa nini zebaki? Kwa sababu inaikumbatia dhahabu na kuuacha mchanga, na kinachobaki ni donge la kijivu linalobonyea. Kisha donge linachomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064. Katikati ya namba hizo mbili kuna riziki ya maelfu ya kaya, na kuna kifo cha polepole pia, kwa sababu zebaki iliyogeuka mvuke haipotei. Inaingia mapafuni mwa aliyeinamia jiko, na kwa mama anayepika pembeni. Dunia iliujua ubaya wake huko Minamata, Japani, katika miaka ya 1950, na mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sasa fungua video nzuri kabisa ya mtandaoni kuhusu kutenganisha vitu kwa mvuke, somo lililomo kwenye muhtasari wetu wa kemia. Utaona chupa ya kioo ya mviringo, bomba la kioo lenye koti la maji baridi, mpira unaoleta maji kutoka kwenye bomba la ukutani, na sauti ya upole ikieleza. Hakuna kimoja kati ya hivyo mtoto wa Nyamongo amewahi kukishika. Anakariri picha. Kwenye mtihani anaichora. Jioni anarudi nyumbani ambako kaka yake anachoma donge kwenye kipande cha bati, na haoni hata kidogo kwamba ni jambo lile lile bila bomba la kupozea. Mwalimu anayejua mambo mawili, kemia na Nyamongo, angeweza kuliunganisha kwa dakika kumi: mfuniko wa chuma, bomba lililopindwa, ndoo ya maji, na zebaki inarudi ndooni badala ya kwenda kichwani. Vifaa vya namna hiyo vipo, wachimbaji wengine wanavijua, wengine hawavipendi kwa sababu vinachelewesha na huwezi kuiona dhahabu yako ikiwaka. Hapo pia pana somo, la tabia za watu, na sidhani lina video. (Na kama unaogopa kutaja dhahabu darasani, taja gongo. Kila mtoto wa Tarime anajua bomba lile hupitia kwenye maji kwa sababu gani, ingawa atakukatalia mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.)

Huko huko Nyamongo, mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara na kuingia Mto Tighite. Wakati ule nchi nzima ilibishana: kampuni ilisema yake, wanavijiji walisema yao, wanasiasa walisema ya wote wawili. Asidi ya namna hiyo hutokea mawe yenye salfaidi yanapochimbuliwa na kukutana na hewa na maji, na karatasi ya litmasi ya kuigundua ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye maabara ya sekondari. Mtoto anayeweza kuchovya karatasi mtoni, akaandika tarehe na rangi, wiki baada ya wiki, ana kitu ambacho hakuna bando linalokiuza: takwimu zake mwenyewe.

Kuna suala la lugha, nalo nitalisema bila kuomba radhi. Mtoto wa wilaya hizi huanza maisha kwa Kikuria, Kingoreme, Kiikoma au Kinatta. Shule ya msingi anakuta Kiswahili. Kidato cha Kwanza anakuta Kiingereza, na sayansi ndani yake. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zihamie Kiswahili kuanzia 1985. Tumehama mambo mengi tangu hapo, hilo bado. Halafu tunampa mtoto huyu video ya Mmarekani anayeongea kama anakimbizwa, tunaiita fursa. Wala hatuna kisingizio cha istilahi: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Lakini hebu niwakumbushe jambo ambalo wataalamu wa elimu hawalitaji kwenye ripoti zao. Nchi hii ilishatatua zamani tatizo la kumfundisha mtu kwa video ya lugha asiyoijua. Ilitatuliwa kwenye vibanda umiza. Kanda ya Kichina, ya Kihindi au ya Hollywood inawekwa, na mtu mmoja mwenye maikrofoni anaisimulia kwa Kiswahili: anawapa wahusika majina ya mtaani, anasimamisha kanda pale mambo yanapokuwa mazito, anarudisha nyuma, anatania, anauliza watazamaji wanadhani nini kitafuata. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijenga jina kubwa Dar es Salaam kwa kazi hiyo. Watazamaji walimfuata yeye. Filamu ilikuwa malighafi. Walioingia bila neno moja la Kiingereza walitoka wakijua nani alimsaliti nani na kwa nini.

Mwalimu wa sayansi mwenye kishikwambi anapaswa kuwa Lufufu. Azime sauti ya Mmarekani. Asimamishe pale elektroni inaporuka. Aulize. Aite waya wa umeme jina unaloitwa kwa fundi wa Sirari. Lakini ili aweze, ni lazima yeye mwenyewe awe ameielewa filamu, awe ameiangalia usiku uliopita, na awe na vipindi vichache kuliko anavyorundikiwa sasa. Wanaosema video itachukua nafasi ya mwalimu hawajawahi kukaa kwenye kibanda umiza siku msimuliaji hayupo. Watu hudai kiingilio chao.

Najua nitaletewa Tanga. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi kubwa ya dola milioni 10, lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji zaidi ya 150 vya mkoa huo. Wengi hawakuwa wakienda shule. Kwa miezi 15 walijifunza wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, na maendeleo yalipatikana, ya kweli, yaliyopimwa. Washindi wawili waligawana zawadi mwaka 2019. Sina nia ya kulidogosha jambo hilo, lilinifurahisha. Ila litazameni lilivyokuwa. Programu zilitengenezwa kwa Kiswahili. Zilikuwa ndani ya kifaa, hazikungoja intaneti. Palikuwa na kituo cha sola cha kuchajia, na mama wa kijiji aliyeangalia mambo yaende. Na kilichofundishwa ni a, e, i, o, u na kujumlisha, mambo ambayo kioo kinaweza kuyashika yote. Huwezi kutoka hapo ukarukia kwamba kioo kitashika pia harufu ya amonia au uzito wa nati inayokazwa kwa spana. Huko Peru, ambako serikali iligawa kompyuta ndogo bila kuyajali mambo hayo, uchunguzi wa shule 319 uliotolewa mwaka 2012 haukuona watoto wakipanda katika hesabu wala lugha.

Ufundi ndio unaoonyesha hilo wazi zaidi. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, jambo jema, na mara moja wapo waliosema: walimu wa ufundi hawatoshi, basi tutumie video. Nenda gereji za Mugumu zinazohudumia magari ya watalii. Utakuta mafundi wanaotumia simu kweli kweli: wanatazama mchoro wa umeme wa gari, wanauliza kwenye kundi la WhatsApp, wanafananisha mlio. Simu imewasaidia sana. Lakini muulize yeyote kati yao alijifunzia wapi kujua springi imechoka kabla haijakatika. Alikaa na fundi. Alishika tochi usiku. Alipigwa kelele. Video ilimkuta tayari ana mikono.

Kuna pingamizi moja linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa linasemwa na watu ninaowaheshimu: kwamba nikisisitiza mbwa wa Natta na zebaki ya Nyamongo ninamfungia mtoto kijijini, kana kwamba Mkuria hana haki ya nyota na chembe za atomu. Ndugu zangu, mtoto wa Minnesota alifundishwa ikolojia kwa nyumbu wa Serengeti. Hakuna aliyesema amefungiwa Serengeti. Yeye kapewa chake na chetu. Wetu hajapewa hata chake, kisha tunaambiwa tumpe cha wote. Nyumbu wale walikuwa robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na walipita milioni moja na laki tatu mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya chanjo ya sotoka kwa ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi kuukata ugonjwa huo usiwafikie nyumbu. Ng'ombe wa nani? Wa babu zake huyu tunayesema hana mfano wa kufundishiwa.

Na kama mtu anataka kuona mkondo ukienda njia sahihi, haendi mbali. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map umekuwa ukichora ramani za vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Chanzo chake kina uhusiano na Mugumu, kwenye kazi ya kuwanusuru wasichana wanaokimbia ukeketaji, hasa msimu wa Desemba. Msichana alipopiga simu usiku akitaja kitongoji, waliotaka kumfuata hawakuwa na ramani inayokionyesha. Wafanyakazi wa kujitolea walioko nchi za mbali walichora nyumba na njia kutokana na picha za setilaiti. Lakini setilaiti haijui jina la kilima, wala kwamba daraja lile limebebwa na maji. Hayo yaliongezwa na watu wa huku, kwa simu za kawaida, wakitembea. Ramani ikishapakuliwa hufunguka bila mtandao. Rhobi Samwelly, aliyeanzisha shirika la Hope for Girls and Women na nyumba salama za Mugumu na Butiama, ameitumia. Kujifunza latitudo na longitudo kwa ajili ya mtihani ni jambo moja. Kuzijifunza kwa sababu kuna msichana vichakani anangojea gari ni jambo jingine, na sitaki kuambiwa kwamba hilo la pili si elimu ya sayansi.

Kwa hiyo fedha ziende wapi? Mtandao uje, siupingi. Sirari, mpakani, simu zetu zinadaka hata mnara wa Kenya bila kuomba ruhusa. Lakini kwa kazi ninayoizungumzia hauhitajiki kwa haraka wanayoidai. Wauza filamu wa stendi ya Tarime walijua siku nyingi: mteja hana bando, mjazie memori kadi. Wikipedia nzima huingia kwenye kadi kwa programu ya Kiwix. Majaribio ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Colorado, yale ya PhET, hupakuliwa mara moja yakatumika miaka, na mengine yana tafsiri ya Kiswahili. Gharama kubwa iko kwingine kabisa: kumtoa mwalimu mmoja wa baiolojia na mmoja wa hesabu darasani kwa muhula mzima, kuwalipa, kuwaweka meza moja na mtafsiri na fundi sanifu wa maabara, wachague picha mia mbili za kamera za Serengeti, waandike upya ile kazi ya mbwa kwa Kiswahili cha Kidato cha Pili, wapige picha karasha na mwalo, watengeneze maswali. Hakuna mfadhili anayependa kulipia hilo. Halina cha kukatia utepe. Huwezi kulipiga picha likiwa limepangwa kwenye maboksi mbele ya mkuu wa wilaya.

Napenda kuifikiria siku picha hizo mia mbili zikiwa zimechapishwa, zimetandazwa kwenye madawati ya shule fulani karibu na Robanda, ambako hifadhi inaanzia nyuma ya mashamba. Moja ni ya nyumbu, usiku, ana kitu chembamba shingoni kinachong'aa kwa mwanga wa kamera. Aliyeko ng'ambo angebofya "nyumbu", mmoja, amesimama, akaenda kwenye picha inayofuata, na jibu lake lingekuwa sahihi. Mtoto wa Robanda ataisogeza picha karibu na uso. Atasema ule ni waya wa tairi lililochomwa, umesokotwa mara mbili, na kitanzi cha namna ile hakifungwi hivyo upande wa Natta. Mwalimu atamuuliza amejuaje. Na hapo huenda mtoto akanyamaza, akairudisha picha mezani, kwa sababu anamjua aliyeutega.